Wa Nyumbani Hatiwi Marashi

Kifurushi kililetwa juzi mchana nikiwa jikoni natia samaki chumvi. Nilimwambia aliyekileta akiweke kwenye kiti cha barazani, maana mikono yangu ilikuwa yanuka, nikaendelea na samaki wangu kama mtu asiye na haraka. Uongo mtupu. Haraka niliyokuwa nayo ilinisahaulisha hata ndimu.

Ndani mlikuwa na chupa moja ndogo ya manukato, imeviringishwa kitambaa cha pamba. Manukato haya huyakuti dukani. Yanatengenezwa na familia moja hapo Mji wa Kale, katika chumba cha ghorofani, chupa chache kila msimu wa maua, na yakiisha yameisha mpaka maua yarudi. Hakuna kampuni kubwa nyuma yao wala bango barabarani. Aliyeyaanzisha ni Bi Shufaa, Mungu amrehemu. Sasa binti yake ndiye anayechanganya, na siku hizi unamwagiza kwa simu. Lakini kikaratasi cha chupa hakijabadilika tangu nilipokuwa mtoto. Ni cha rangi ya maziwa na kina neno moja tu kwa wino wa kijani: Alasiri.

Nilinawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena, ndipo nikafungua kizibo. Kwanza ikaja asumini, mbichi kabisa, ile ya kabla haijafunguka. Nyuma yake mlangilangi, mzito na mtamu, kisha waridi limejificha, na chini kabisa udi kidogo wa kushika vyote pamoja. Hapo hapo nikapandwa na wivu. Sisemi hamu wala simanzi, kama wanavyosema watu wenye nyoyo nzuri. Nasema wivu, tena ule wa kitoto wa kusaga meno, na mimi mtu mzima mwenye mume na watoto na kitambulisho.

Nyinyi wa rika langu mliokulia pwani mnaijua ada hii. Mgeni haachwi atoke hivi hivi. Akiinuka kuaga, mwenye nyumba humwambia, "Ngoja kwanza," akaleta sinia lenye chetezo cha udi na chupa ya marashi. Mgeni hufukizwa nguo, akatiwa marashi viganjani na nyuma ya masikio, akatoka ananukia hadi kwao. Ada yenyewe ina nusu mbili. Nusu ya kwanza niliijua tangu nilipoweza kusimama, na ya pili ilinichukua miaka.

Nyumba yetu ilikuwa Mishomoroni, na uani, pembeni mwa tangi la maji, Mama alikuwa na kijiti cha asumini kilichotanda ukuta mzima. Bi Shufaa ndiye aliyekuwa akichukua maua yale kwa kazi yake, na kila mwaka humletea Mama chupa ya Alasiri iwe zawadi. Mama hakujitia yeye. Aliiweka katika kabati la vioo la ukumbini, pamoja na birika la wageni na vikombe ambavyo sisi hatukunywea, na ufunguo ukakaa katika pindo la leso yake.

Kazi ya kuchuma asumini ilikuwa yangu. Huchumwa alasiri, likiwa bado tumba, kwa sababu likishafunguka juani harufu yake imeshakwenda na upepo. Nilipanda juu ya ndoo nikajaza kikapu kidogo cha ukili, mbu wakiniuma miguuni, utomvu ukinishika vidole. Kwa hiyo mnielewe vizuri ninaposema kwamba maua nilichuma mimi, na marashi alitiwa Rukia.

Rukia alikuwa binti wa mama yangu mdogo, aliyefariki Rukia akiwa bado ananyonya. Baba yake alioa tena akakaa Likoni na mke mpya. Tulipofika umri wa kuanza shule, baba huyo alimleta Rukia kwetu asome na mimi, kwa makubaliano kwamba kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri atakuja kumchukua, avuke naye feri, na Jumapili jioni amrudishe. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na mnyamavu. Mimi nilikuwa mfupi, na kunyamaza sikukujua. Watu walipomsifu Rukia kwa utulivu wake niliona wananisema mimi.

Lakini siku nyingine nilimudu kuishi naye. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, tukapigwa kwa makosa ya pamoja. Ijumaa ndiyo iliyoniua. Baba yake akishapiga hodi, Mama humvalisha Rukia gauni la kutokea, akamfunga mtandio, kisha akafungua kabati kwa ufunguo wake. Akamsimamisha katikati ya ukumbi. Akamtia Alasiri viganjani, akamwambia asugue taratibu. Akamtia nyuma ya masikio, akamtia kwenye ncha za nywele, na mwisho akapitisha kidole chenye unyevu kwenye pindo la gauni. Haya yote aliyafanya polepole na kimya, na uso wake ulikuwa na upole ambao mimi niliuona nikiwa na homa tu.

Nami nilikuwa pale pale mlangoni na kikapu changu cha asumini. Nilinuka jasho, sabuni ya kipande, na utomvu. Rukia hakunitazama. Alinyoosha mikono, akaangalia upande, kwenye ukuta, kama mtoto anayechomwa sindano. Nikasema moyoni, tazama anavyoringa! Hata asante hasemi.

"Mama, na mimi nitie," nilimwambia mara ya kwanza.

"Wewe waenda wapi?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Siendi."

"Basi."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila Ijumaa, "Basi," na kabati likafungwa. Wakishatoka, mimi nilikwenda kusimama mahali aliposimama Rukia. Harufu ilikuwa bado iko pale, hewani, kimo cha kifua changu. Niliivuta mpaka kizunguzungu. Usiku nililalia upande wake wa kitanda, nikauweka uso kwenye mto wake, nikatafuta palipobaki. Jumapili akirudi ilikuwa imekwisha, ananuka dizeli ya feri na mafuta ya kukaangia ya nyumba ya watu, na nikafurahi.

Kuna siku niliwasikia Mama na jirani yetu wakizungumza uani. Jirani alimuuliza kwa nini anamalizia chupa nzuri kama ile kwa mtoto mdogo. Mama akamjibu, "Ntoto hana mama. Nataka huko wakimvua ntandio wanuse, wajue katoka kwa watu." Nililisikia neno kwa neno, na bado nililipindua. Nilichokisikia mimi ni kwamba Rukia ana watu, na mimi, ninayeachwa ninuke utomvu, sina.

Mama aliuona wivu wangu. Haukuwa wa kufichika. Akanitania mbele ya watu, "Hasidi hana sababu," na wote wakacheka. Nikasusa kula. Mimi sababu nilikuwa nayo, ilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wake ulikuwa katika leso ya mama yangu mwenyewe.

Ndipo likanijia wazo. Kama marashi ni ya wageni, basi nitakuwa mgeni.

Ilikuwa Jumatano, Rukia yuko chuoni kusoma Kurani, na Mama alikuwa ukumbini anachambua mchele. Nilitoka kwa mlango wa uani, nimejitanda buibui lake la zamani lililoburuzika chini, nimeshika mkoba wake uliokatika mshipi. Nikazunguka nyumba hadi mlango wa mbele, nikapiga hodi kwa sauti nzito.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

 Nikasikia ungo ukiwekwa chini. "Karibu! Nani mwenzangu?"

"Ni mie, bibi. Mgeni."

Mama alifungua mlango. Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye buibui lililolala vumbini, na sijui alijizuiaje. "Karibu, bibi, karibu ndani. Pita, usivue viatu." Akaniketisha kwenye kiti kikubwa, kile cha wanaume. "Watokea wapi, bibi?"

"Natokea Utange."

"Utange! Mbali huko. Na umekuja na jua hili?"

"Mume wangu kazini, hana nafasi ya kunileta."

"Mumeo yuafanya kazi gani?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa mume. "Yuavunja mawe Mwakirunge," nikasema, kwa sababu malori ya mawe ndiyo niliyoyajua.

"Masikini. Kazi ngumu. Na watoto munao?"

"Tunao. Wabaya wote."

Mama akaomba radhi, akaenda jikoni akakaa kitambo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kwa kucheka na mkononi ana juisi ya ukwaju, ndani ya gilasi ya wageni. Ile ya kabatini! Nikainywa kwa adabu, kidole kidogo nje. Tukazungumza habari za bei ya unga na za wanaume. Nilikuwa sijawahi kuwa na mama yangu peke yangu hivyo, ananisikiliza na kuniuliza kama mtu. Nusura nisahau nilichokuja kutaka.

"Haya, bibi," nikasema mwishowe, nikainuka na buibui langu. "Naona jua lapunga. Nami nina safari."

"Haya, mwanangu. Nisalimie Utange. Nisalimie na huyo mvunja mawe."

Nikasimama katikati ya ukumbi, pale pale aliposimama Rukia. Nikanyoosha mikono. Mama akaiangalia mikono ile, na kicheko kikamtoka usoni chote.

"Na marashi?" nikasema.

"Saumu."

"Mimi mgeni. Mgeni hutiwa."

"Vua buibui hilo."

"Mbona Rukia watia!"

"Rukia yuaondoka," Mama akasema. "Wewe hapa huondoki." Akanishika vile viganja nilivyovinyoosha, akavikunja, akavirudisha kifuani kwangu. "Sikutii, umenisikia? Hata ulie. Sikutii mimi."

Nililia mpaka nikatapika ukwaju. Niliyasikia maneno hayo kama hukumu. Rukia ana pa kwenda, feri inamngoja, baba yuaja na kanzu safi kumchukua. Mimi sina pa kwenda, ndiyo maana sistahili hata tone. Sikusikia sauti yake iliposema, "Hapa huondoki." Ingalikuwa leo ningaliisikia, na nisingalidai kitu kingine duniani.

Tukaendelea hivyo, Ijumaa kwa Ijumaa, mimi na ndoo yangu na mbu wangu. Hadi ikafika Ijumaa ile.

Rukia alikuwa ameshavaa gauni, mkoba wake uko tayari miguuni. Baba yake alipiga hodi kama kawaida, lakini hakuingia. Mama alitoka barazani wakazungumza. Mimi nilikuwa juu ya ndoo, uani, na madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi, la mbele na la uani, kwa hiyo niliwasikia.

"Shemeji," alisema yule bwana, "nimekuja kukwambia, ntoto nakae kwako tu."

"Wiki hii?"

"Moja kwa moja." Akakohoa. "Kule nyumbani... wajua mambo ya wanawake. Kunazaliwa mwengine, na nafasi ndogo. Mimi n'takuwa nikipita kumtazama, inshallah."

Mama akashusha sauti. "Umemwambia mwenyewe?"

"Mwambie wewe, shemeji. Mimi siwezi."

Nikasikia viatu vyake vikienda zake. Hakuwa ametiwa marashi wala kufukizwa, na ndiye mtu wa pekee niliyemwona Mama akimwachia aondoke nyumbani kwetu hivyo. Niliruka kutoka kwenye ndoo nikakimbilia mlango wa ukumbi, kikapu kiko mkononi. Mama aliingia. Rukia aliposikia hatua zake alisimama mahali pake, katikati, akanyoosha mikono na kuangalia ukutani.

Mama hakulisogelea kabati. Alifungua fundo la leso, akaufunga ufunguo tena ndani yake, akalikaza.

"Leo sikutii, Rukia."

Rukia akageuka. "Kwa nini, mama mkubwa?"

"Kwani waenda wapi?" Sauti ilikuwa ile ile niliyoulizwa mimi miaka yote. "Huendi. Hapa ndipo kwako. Wa nyumbani hatiwi marashi."

Rukia aliporomoka pale pale, juu ya mkoba wake, akalia. Hakuwa akilia kwa kelele kama mimi. Alilia kama mtu anayekosa pumzi. Mpaka leo sijui alilia nini, kama ni baba aliyemwacha au ni nyumba aliyoipata. Huenda na yeye hakujua.

Mimi nilifurahi. Niseme nini kingine? Nilifurahi kwa moyo wangu wote, kikapu kikanicheza mkononi. Nilidhani ameshushwa. Ametolewa kwenye marashi kama mimi, basi tumekuwa sawa, tena pengine yeye amenizidi kwa ubaya maana amenyimwa akiwa ameshavaa. Nikamtazama vizuri akilia, nisije nikasahau.

Furaha ile ilidumu hadi magharibi. Mama aliufungua mkoba wa Rukia kitandani, akatoa nguo moja moja akizikunja. Kisha akafungua saraka yangu, ile ya chini, akazisogeza nguo zangu upande, akazipanga za Rukia kwenye nusu iliyobaki. Hakuniuliza. Mimi nilisimama nikaitazama nusu ile, na hapo ndipo nilipoanza kuipata nusu ya pili ya ada yetu. Rukia hakuwa ameshushwa popote. Alikuwa amepandishwa hadi nilipokuwa mimi. Kumbe nilikuwa nimekaa mahali pa juu miaka yote, peke yangu, na sikupajua mpaka alipoletwa mwengine tukaketi pamoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho yake Mama alimpa Rukia kikapu. Akachuma asumini upande wake na mimi upande wangu, na vidole vyake virefu vikayafikia matumba ambayo mimi nilihitaji ndoo kuyafikia. Kabla ya wiki kwisha, lile neno "mkubwa" lilikuwa limeshaanguka. Akawa anamwita Mama, tu, na Mama akaitika.

Nikamwonea wivu zaidi ya pale mwanzo. Marashi yalikuwa kitu cha Ijumaa, dakika chache, yakapeperuka. Hili la sasa lilikuwa la kila siku. Alipoumwa alipikiwa uji wangu. Alipokosea alipigwa kwa kofi langu, na hata hilo nililionea choyo. Nilipomlalamikia Mama alinijibu, "Moyo wa mama si ntungi, ati ukimimina huku kule kwapungua," nami nikamwangalia nikaona wazi kwamba kunapungua.

Tukakua. Mimi niliolewa Changamwe, na mtu mwema, sina la kulalamika. Rukia akaolewa na kijana wa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na Mama, na ukuta wenyewe wakautoboa mlango. Kwa hiyo Rukia aliolewa lakini hakuondoka. Asubuhi bado ni yeye anayemchemshia Mama chai, na jioni ni yeye anayechuma asumini.

Fungate yangu ilipokwisha nilikwenda kuwaamkia. Tulikula, tukacheka, nikalala kidogo kwenye kitanda changu cha zamani, ambacho sasa kilikuwa kimewekewa shuka nisiyoijua. Jua lilipopunga nikasema, "Haya, Mama, mimi nirudi." Nikajifunga buibui, langu mwenyewe, la kimo changu.

"Ngoja kwanza," Mama akasema.

Akafungua kabati. Rukia akatoka jikoni na chetezo, udi umeshashika moto, kumbe walikuwa wamejitayarisha. Mama akanisimamisha katikati ya ukumbi. Nikatiwa Alasiri viganjani. Nikatiwa nyuma ya masikio, na kwenye ncha za nywele, na pindoni. Kila nilichokililia nilikipata siku hiyo, kwa mpango ule ule, polepole, na kwa uso ule ule wa upole. Sikuweza kumtazama. Nilijikuta naangalia ukuta.

"Mama," nikasema, "kwani mimi nimekuwa mgeni?"

"U mke wa watu, mwanangu. Siwezi kukutoa hapa ukafika kwa watu hunukii. Watasema umetoka wapi?"

Rukia alinifukiza nguo. Moshi ulipanda kati yetu. Kwapani mwa gauni lake la kushindia palikuwa na jasho, na vidole vyake vilikuwa vimeshikwa na utomvu wa asumini. Nilipanda gari hadi Changamwe nikinukia, watu wakigeuka kunitazama, na nililia tangu daraja la Nyali.

Tangu siku hiyo sijatoka katika nyumba ya mama yangu bila kutiwa. Nimejaribu kuaga kwa haraka, nimejaribu kutokea uani. "Ngoja kwanza." Nimekwenda nikalala, asubuhi yake nikatiwa kwenye ngazi. Mama sasa magoti hayamsaidii, lakini kwa hilo huinuka.

Hadi mwezi uliopita. Alikitikisa kichupa, akakipindua, kizibo kikatoka kikavu. Akanipaka harufu ya kizibo tu, akaona haya kama aliyemwandalia mgeni chai bila kitafunio. "Niagizie nyingine, Saumu," akaniambia. "Wewe wajua mambo ya simu. Ijumaa yake ukija, uje nayo."

Nikaagiza. Nayo ndiyo hii mbele yangu, imejaa hadi shingoni. Nimeiwaza tangu juzi. Chupa ya namna hii, kwa matone ya Mama, humaliza mwaka mzima wa kuniaga.

Jana alinipigia. "Yamefika marashi?"

Niliitazama chupa. "Bado, Mama. Hayajafika."

"Na kesho si ndiyo waja?"

"Nitakuja hivyo hivyo."

"Na kuondoka, utaondokaje?"

"Hivyo hivyo, Mama. Kwani Rukia huondokaje akienda kwake?"

 Nilisikia kijiko kikigonga sufuria upande wa pili, kisha sauti ya Rukia ikiuliza, karibu sana na simu, "Asemaje?"

"Asema hayajafika," Mama akamwambia. "Yuanidanganya. Mimi nimemzaa huyu, namjua. Hebu chukua simu, umwambie aje nayo, n'takosa cha kumtia."

Nikajua Rukia ameishika simu, maana nilimsikia akipumua. Nikangoja aniseme. Haki anayo, amenivumilia tangu utoto.

"Mwache, Mama," nikamsikia akisema. "Asitiwe."